Kiazi, raba, fundi au plastiki: muhuri upi utakufaa kwa kadi za nyumbani?

Mwezi wa tisa ukiingia, hesabu ya watahiniwa huanza katika ukoo wetu. Huyu yuko Kidato cha Nne, yule Gredi ya 9, mdogo wao Gredi ya 6, na kila mmoja anangoja kadi ya kumtakia heri. Sisi tuliosoma bweni tunajua kadi hiyo ilivyokuwa na uzito. Wenzako waliisoma yote kabla wewe hujaimaliza, ukaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, na aliyepata nyingi alionekana ana watu nyuma yake. Mitihani ikiisha tu, Krismasi imebisha hodi. Katikati hapo kuna mtoto wa jirani amezaliwa, mwalimu anastaafu, shosho anatimiza miaka 80.

Kadi hizo nazitengeneza nyumbani Umoja, Nairobi, kwenye meza ya chakula, kwa muhuri na wino. Nina watoto watatu, kazi ya mjini na matatu mbili kwa siku. Muda wangu ni kuanzia vyombo vinapomalizika kuoshwa, kama saa mbili unusu usiku, hadi macho yanapoanza kuwa mazito. Ni dakika 45 hivi, na ndani ya hizo lazima mtu aite. Mmoja hajapata soksi ya shule, mwingine anataka maji, yule mdogo ameota.

Kwa hiyo nikilinganisha njia za kupiga muhuri, huwa na swali moja ninaloliweka mbele ya bei na hata mbele ya uzuri: nikiitwa sasa hivi nikaondoka mezani kwa nusu saa, nitakuta nini kimeharibika? Nimejaribu njia nne kwa miaka kadhaa, na swali hilo ndilo limenipangia ipi nifanye lini.

Kadi ya dukani siipingi. Ukihitaji moja tu, kesho asubuhi, nunua. Ukihitaji kumi na zaidi, au ukitaka maneno ya Kiswahili unayoyasema wewe kweli, hapo ndipo muhuri unapoanza kulipa.

Kiazi na jamaa zake wa jikoni

Muhuri wa kiazi haugharimu kitu usichokuwa nacho tayari. Unakata kiazi kwa mkato mmoja wa kisu kikubwa, bila kukitoa na kukirudisha, ili uso uwe bapa kabisa. Kisu kikiyumba uso unakuwa na kilima, na kilima hicho ndicho kitakachogusa karatasi peke yake. Unachora nyota au moyo, unakata pembeni kina cha nusu sentimita, basi. Bamia hata haihitaji kuchongwa: ikate ncha, uichovye kwenye rangi, na ua linatoka lenyewe, petali tano au zaidi kulingana na mbavu zake. Kitunguu kilichokatwa nusu hutoa miduara ndani ya miduara. Watoto hupenda bamia kuliko vyote, nami pia, kwa sababu hakuna maua mawili yanayofanana.

Kinachowashinda wengi ni maji. Kiazi kibichi kina maji na wanga, na vyote viwili hupanda usoni mara tu unapokikata. Ukichovya rangi juu ya maji hayo, unapata doa la kijivu lenye kingo za kutetemeka. Kiache uso wake chini kwenye kitambaa kikavu dakika kumi, ukipanguse tena, ndipo uanze. Rangi pia usiimwage kwenye sahani. Kunja kipande cha sponji, kilowe rangi ya maji ya shule, ukigusishe kiazi juu yake kama pedi ya ofisini.

Sasa lile swali langu. Ukiitwa katikati ya kazi ya kiazi, umepoteza. Rangi inakauka kwenye sponji, uso wa kiazi unaanza kubadilika rangi na kulegea, na ukikiacha hadi kesho utakuta kimesinyaa kingo. Kiazi ni kazi ya kikao kimoja. Kwangu kina siku yake, Jumamosi mchana, watoto wote wakiwa wamekaa, hakuna anayeenda popote, na gazeti la zamani limetandazwa hadi sakafuni. Usiku wa katikati ya wiki sikigusi.

Na kisikupe tamaa ya kuandika. Herufi za kiazi huwa nene, zimeinama, na nafasi kati yake haitabiriki. Kiazi kipe maumbo, maneno uyaandike kwa kalamu.

Raba ya kufutia

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa moyo wote, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona watu wengi wakiiacha baada ya jaribio la kwanza lililokwenda vibaya kwa kosa dogo tu.

Chukua raba nyeupe laini, ile ya plastiki inayouzwa kwenye duka la vitabu, si ile ya waridi yenye chembechembe. Ya waridi humeguka ukiigusa na kisu. Nyeupe hukatika kama jibini. Kipande kimoja kina pande mbili pana, kwa hiyo ni mihuri miwili. Kifaa ni kisu chembamba cha kukatia karatasi, kile cha kusukuma, chenye ncha mpya. Ncha butu ni hatari zaidi kwa vidole kuliko kali, kwa kuwa utaisukuma kwa nguvu hadi iteleze.

Mchoro usiuchore moja kwa moja kwenye raba. Uchore kwenye karatasi nyepesi kwa penseli ya 2B, uulaze uso chini juu ya raba, kisha usugue mgongo wa karatasi kwa ukucha. Risasi ya penseli inahamia kwenye raba ikiwa imegeuzwa, kushoto kumekuwa kulia. Ukipiga muhuri, inageuka tena na kutoka sawa. Binti yangu wa pili alipoona jina la kaka yake limekaa kinyumenyume kwenye raba alinishika mkono: "Mama, umeharibu!" Nikampigia mara moja kwenye karatasi. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayesugua ukucha, na hakuna anayeruhusiwa kumnyang'anya kazi hiyo.

Ukitaka kuanza na neno, anza na MAMA. Herufi M na A hazibadiliki ukizitazama kwenye kioo, kwa hiyo unachogeuza ni mpangilio tu, AMAM. Ndivyo zilivyo pia H, I, O, T, U, V, W na Y. Kwa herufi hizo peke yake unapata MAUA na UTAMU. BABA ni mtihani zaidi, maana B inataka kugeuzwa tumbo. HONGERA ina N, G, E na R, zote za kukusumbua, na ASANTE ina S, ambayo hata mwenye uzoefu huichonga ikatazama upande usiofaa. Karatasi na ukucha vitakuokoa, mradi usianze kuzisahihisha kwa jicho katikati ya kazi.

Kosa linalowakatisha watu tamaa liko kwenye mwinamo wa kisu. Mtu hushika kisu wima, akakata chini moja kwa moja pande zote za mstari, na mstari ukabaki umesimama kama ukuta mwembamba. Mara ya kwanza unatoa picha safi. Mara ya tano ukuta unalala. Mara ya kumi unakatika. Inamisha kisu nje, mbali na mstari, ili mstari uwe na kitako kipana chini na ncha juu, kama mgongo wa paa la nyumba. Kina cha milimita 2 kinatosha. Na kwenye mapindo zungusha raba, si kisu: mkono wenye kisu utulie, mkono mwingine uizungushe raba polepole dhidi yake. Siku nilipoelewa hilo moja, maua yangu yaliacha kuwa na kona.

Anza kwa kupiga muhuri mapema, hata kabla hujamaliza. Wino utakuonyesha sehemu uliyosahau kuondoa, huku na kule, vile vialama vidogo pembeni mwa mchoro. Vingine viache. Vinaonyesha kwamba mkono wa mtu ulipita hapo, na mpokeaji huviona.

Sasa uniite. Naweka kisu ndani ya kopo juu ya kabati, raba nayo popote, naenda kutafuta soksi. Nikirudi baada ya nusu saa, au baada ya siku nne, raba iko palepale. Haikauki, haioti kitu, haijali stima ikipotea. Nimewahi kuchonga mbayuwayu mmoja kwa juma zima, bawa moja Jumatatu, jingine Alhamisi. Kati ya njia mbili za kujichongea mwenyewe, kiazi na raba, ni raba tu inayokubali kukatizwa hivyo, na kwa nyumba yenye watoto wadogo hilo ni jambo kubwa kuliko lolote nitakaloandika hapa.

Udhaifu wake upo. Ukubwa umefungwa na ukubwa wa raba, sentimita chache tu. Maandishi madogo hayawezekani. Na kisu hakimfai mtoto mdogo. Wangu mkubwa nilimruhusu akiwa na miaka 11, mimi nikiwa nimekaa kando yake.

Fundi wa mihuri mjini

Ukipita River Road na vichochoro vinavyoizunguka utawaona, meza ndogo au kibanda cha upana wa mlango, ubao mbele umejaa mifano ya mihuri ya duara ya kampuni, ya vikundi vya akina mama, ya makanisa, ya "PAID" na tarehe. Watu hudhani wanatengeneza mihuri ya ofisi tu. Fundi huyo anaweza kukutengenezea HERI YA KRISMASI, anaweza kukutengenezea twiga.

Mimi niliingia kwa fundi wangu wa kwanza kwa ajili ya herufi. Nilikuwa na kadi nyingi za mtihani, na mkono wangu hauandiki vizuri baada ya kadi ya sita. Nikataka muhuri mmoja wenye maneno "Mungu akutangulie". Kazi yenyewe inavutia kuitazama. Maneno yanapangwa kwenye kompyuta, yanachapishwa kama negativu, meusi pande zote na herufi zikiwa wazi. Negativu inalazwa chini ya utomvu mzito wa plastiki unaogandishwa na mwanga wa urujuanimno. Taa ikiwaka, mwanga hupita kwenye herufi tu, hapo utomvu unakuwa mgumu. Kwingine unabaki uji na kusafishwa kwa maji na brashi. Kipande kinarudishwa kwenye taa kikomae, kinakatwa kwa mkasi, kinabandikwa kwenye mpini. Mafundi wengine siku hizi hukata mpira kwa leza, na hapo kuna harufu ya mpira ulioungua inayokufuata hadi kwenye matatu.

Mpini ndio uamuzi wa kufikiria. Fundi mwenyewe atakupendekezea ule wa kujipaka wino wenyewe, wenye pedi ndani, unaobonyeza na kuachia. Kwa ofisi ni sawa. Kwa kadi, chagua mpini wa mbao. Ule wa kujipaka umekufunga kwenye rangi moja, unapiga kupitia fremu inayokuzuia kuona neno litakaa wapi, na kwenye karatasi nene huacha upande mmoja hafifu. Wa mbao unaupaka wino wowote, leo kijani, kesho kahawia, na hata rangi mbili kwa pamoja ukigusisha nusu hapa na nusu pale.

Jambo la pili: peleka mchoro wa mtoto. Mwambie achore kwa kalamu nyeusi ya wino mzito kwenye karatasi nyeupe, mistari isiwe myembamba, kwa sababu mstari wa unywele hupotea kwenye taa au hulala baadaye kama ule wa raba. Kitinda mimba wangu alichora twiga mwenye miguu mitano. Fundi alimpiga picha, akampunguza hadi sentimita 4, akaniuliza, "Mama, huu mguu wa tano niutoe?" Nikamwambia auache. Twiga huyo amekwenda Kakamega, amekwenda Mombasa, amekwenda Qatar kwa shangazi anayefanya kazi huko, na kila mtu humpigia mtoto simu kumuuliza mguu wa tano ni wa nini.

Jambo la tatu nalisema kwa uchungu kidogo. Usitume maneno kwa simu ukaja kuchukua jioni. Nilifanya hivyo kwa fundi mmoja, nikafika saa kumi na mbili anafunga, nikalipa, nikakimbilia gari. Nyumbani nikapiga muhuri: HOGERA. Maneno yenyewe niliyaandika sawa, nimeyaona tena kwenye simu yangu. Muhuri ukigandishwa haurekebishiki. Simama pale, soma kwenye skrini herufi kwa herufi kabla taa haijawashwa, na upigiwe mfano kwenye karatasi kabla hujatoa pesa. Fundi mzuri atakuambia hivyo mwenyewe.

Kwa kukatizwa, muhuri wa fundi ni mtulivu. Kadi moja ni sekunde chache, na ukiitwa baada ya kadi ya tatu, ya nne itakungoja. Gharama yake ni safari ya mjini na pesa ya muhuri, ambayo ukiigawa kwa kadi mbili inauma na ukiigawa kwa kadi mia haionekani. Ndiyo maana kwa fundi napeleka maneno nitakayoyatumia kila mwaka: Asante, Pole sana, Hongera, Mungu akutangulie. Mchoro wa tukio moja nauchonga mwenyewe kwenye raba.

Mihuri ya plastiki angavu

Hii huja kama seti, vipande laini vinavyopitisha mwanga, kwenye karatasi ya plastiki. Unabandua kipande, unakigandamiza kwenye kibao cha akriliki, kinashika bila gundi, na kwa sababu kibao pia kinapitisha mwanga unaona hasa mchoro unapoangukia. Kwa kupanga maneno juu ya picha, au maua manne kwa mstari ulionyooka, hakuna inayoishinda. Ukimaliza unabandua, na kibao kimoja kinatumikia seti nzima.

Nimekuwa na seti mbili. Nimezipenda kwa unadhifu wake, lakini hazijawa tegemeo langu. Zinazopatikana kwa urahisi zina maneno ya Kiingereza, na maua ya nchi za baridi, na theluji. Nami nataka mjakaranda, nataka "Pole kwa msiba". Kisha kuna zile za bei nafuu ambazo zikiwa mpya hukataa wino, unajikusanya matone matone kama maji juu ya jani la nduma. Dawa yake ni kusugua uso wa muhuri polepole kwa raba ya penseli hadi ung'avu upungue. Zikiacha kushika kwenye kibao, zioshe kwa maji na sabuni kidogo, zikauke kwa hewa. Vumbi na mafuta ya vidole ndivyo vinavyozilegeza. Na zisikae dirishani, jua huzifanya njano na ngumu.

Zinakubali kukatizwa, ila zina vipande vidogo, na nyumbani kwangu kipande kidogo kisicholindwa huishia chini ya kochi. Kwa mtu anayeishi peke yake au mwenye watoto wakubwa, ningezipandisha daraja.

Wino na karatasi, ambako kadi nyingi huharibikia

Mwaka mmoja nilipiga kadi 14 kwenye karatasi ngumu ya kung'aa, kwa pedi ya kawaida ya ofisini. Usiku zilionekana zimekauka. Asubuhi nikazirundika, nikazitia kwenye mkoba. Kufika kazini kila kadi ilikuwa imeacha picha yake mgongoni mwa iliyo juu yake, na vidole vyangu vilikuwa vya zambarau. Kumi na nne zote. Nililia kidogo chooni kwa kweli, maana zilikuwa zinaondoka siku hiyo na gari la saa saba.

Sababu ni rahisi. Wino wa pedi ya ofisini hukauka kwa kunywewa na karatasi. Karatasi ya kung'aa imepakwa tabaka lisilonywa, kwa hiyo wino unabaki juu ukingoja mtu wa kumpaka. Kwenye manila ya kawaida isiyong'aa wino uleule unakauka kabla hujafika kadi inayofuata. Basi ukitumia pedi ya ofisini, karatasi iwe ya kunywa. Kumbuka tu kwamba wino wa aina hiyo hupauka juani. Kadi itakayotundikwa ukutani mbele ya dirisha haitadumu rangi yake.

Kuna wino mwingine, mzito, wenye chembe za rangi, unaokaa juu ya karatasi na kukauka taratibu. Rangi zake ni kali na hazipauki haraka. Huo pia ndio unaoshika ile poda ya kuyeyushwa: unapiga muhuri, unanyunyiza poda, unakung'uta iliyozidi, unaipasha moto, na mchoro unavimba na kung'aa kama umemiminwa. Ni kadi nzuri mno. Lakini inahitaji kile kifaa cha hewa ya moto sana (mashine ya kukaushia nywele hupeperusha poda kabla haijayeyuka), inahitaji stima, na inahitaji usikatizwe, kwa sababu poda lazima iwahi wino ukiwa mbichi. Kwa hiyo mimi huifanya mara moja kwa mwaka, kwa kadi ya harusi. Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekaza na nguo hazikauki, wino mzito nao haukauki. Hapo nazianika kadi kwa vibanio kwenye kamba juu ya dirisha la jikoni usiku mzima.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Ile ya kuchapia ya gramu 80 ni nyepesi, kadi haitasimama. Tafuta kati ya gramu 200 na 300 kwa mita ya mraba. Karatasi moja ya A4 ukiikata nusu unapata A5 mbili, kila moja ukiikunja inakuwa kadi ya ukubwa wa A6, milimita 105 kwa 148, inayoingia vizuri kwenye bahasha ya C6. A4 kumi, kadi ishirini. Kabla ya kukunja, pitisha mgongo wa kijiko kwenye mstari wa kukunjia ukifuata rula, la sivyo karatasi nene itapasuka nyuzi. Na wachapaji wa mjini huwa na vipande vilivyobaki baada ya kukata kazi kubwa. Omba uuziwe, na uombe wakukatie kwa mashine yao, maana mkasi hautakupa kingo zilizonyooka hata ujitahidi vipi.

Ningechagua nini mahali pako

Una watoto chini ya miaka minane na Jumamosi moja tupu: bamia na kiazi, rangi ya maji, manila. Usijaribu kitu kingine siku hiyo. Wewe andika maneno kwa kalamu baada yao kulala.

Una vipande vya dakika 15 vilivyotawanyika juma zima, na unapenda kazi ya mikono: raba, bila kusita. Gawa kazi kwa usiku. Usiku mmoja kukunja tu. Wa pili kupiga mihuri. Wa tatu kuandika majina. Kila usiku una mwisho wake, na ukiitwa hujapoteza kitu.

Unatuma kadi nyingi kila mwaka, au huamini mkono wako kwa herufi: fundi wa mihuri, mpini wa mbao, maneno mawili tu kwanza. Wengi wangefanya vyema kuunganisha, maneno ya fundi chini na ua la raba juu, na ndivyo zilivyo kadi zangu nyingi sasa.

Unataka mpangilio uliopimwa, na meza yako haina wa kuigusa: plastiki angavu, nawe utaifurahia kuliko mimi.

Ukishapiga, safisha muhuri kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla wino haujakauka kwenye mashimo. Raba ulizochonga usizihifadhi kwenye boksi la plastiki. Zikigusana nalo miezi kadhaa hulainishana na kuganda, na ukizivuta zinaacha uso wake humo. Mbayuwayu wangu nimemfunga kwa karatasi ya kawaida, nikamtia kwenye kopo la bati la majani ya chai pamoja na twiga, na kwenye kifuniko nimepiga muhuri wa kila mmoja ili nijue aliyemo bila kufungua.